Desturi ya Ulimi

Kazi yenyewe ilikuwa ya elfu tatu. Kikundi fulani cha vijana mtaani kilitaka kuonyesha filamu ya Iran kwenye ukumbi ulio juu ya duka la simu, kiingilio bure. Walitaka maneno ya Kiswahili yapite chini ya picha kwa sababu, walivyoniambia, watu hawataki kusoma Kiingereza Jumamosi jioni. Filamu ni ile ya Asghar Farhadi ya mwaka 2011, iliyobeba Dubu wa Dhahabu kule Berlin na mwaka uliofuata ikachukua Oscar. Dunia inaijua kwa jina la Kiingereza, A Separation. Nikajiambia hii ni kazi ya wikendi moja. Unachukua maneno ya Kiingereza, unayageuza, unalipwa, unanunua unga na bando.

Nilikwama kwenye jina.

Kwa Kiajemi filamu inaitwa Jodai-ye Nader az Simin. Kiingereza kimelikata jina kikabakisha utengano mtupu, wa mtu yeyote. Waajemi wenyewe wametaja nani na nani, na katikati ya hao wawili wameweka kihusishi cha herufi mbili, az. Kamusi ya mtandaoni ikaniambia az ni "kutoka". Kutengana kwa Nader kutoka Simin? Hakuna mtu anayesema hivyo isipokuwa mashine. Sisi tunatengana na mtu, kwa neno lilelile tunalotumia tukiwa na mtu. Nilikaa kitandani laptopu ikiwa magotini nikishangaa jinsi lugha yangu inavyotumia "na" moja kwa ndoa na kwa talaka. Halafu kuna jambo lingine. Katika filamu ni mke, Simin, anayeenda mahakamani kudai talaka, lakini jina linasema utengano ni wa Nader. Yeye ndiye anayetolewa kutoka kwa mwenzake, kama jino. Jina zima la filamu linategemea kihusishi ambacho Kiingereza kilikitupa. Nikajua elfu tatu hizi nitazitolea jasho.

Kwa hiyo nikanunua kitabu. Mzee mmoja anayetandaza vitabu vya mtumba kando ya barabara mjini alikuwa nacho, Persian Grammar cha Ann K. S. Lambton, kilichotolewa na Cambridge University Press kwa mara ya kwanza mwaka 1953. Aliniuzia kwa soo mbili baada ya kunihakikishia kwamba ni kitabu cha dini. Nimeishi nacho karibu mwaka mzima, na ndicho ninachotaka kukihakiki hapa, ingawa najua hakuna anayehakiki kitabu cha sarufi. Vitabu vya sarufi vinapita kama bei ya mafuta: vinatangazwa, unalipa, unanyamaza.

Kwanza nimpe haki yake. Lambton hacheki na mwanafunzi. Kitabu kina sehemu mbili, ya kwanza Kiajemi chenyewe, ya pili yale yote ambayo Kiajemi kimeyachukua kutoka Kiarabu, na sehemu hii ya pili si kiambatisho cha kurasa tatu. Kwa mtu wa Kiswahili mpangilio huo unatosha kukufanya utabasamu. Nilifungua sehemu ambayo mwanafunzi Mwingereza lazima alikuwa akiilia, nikakuta ndugu zangu: ketab, vaqt, fekr, khabar, safar, hesab. Nilikuwa nayo yote tangu darasa la kwanza. Ikiwa umewahi kuambiwa Kiswahili ni "Kiarabu kilichochanganywa", kaa chini na Kiajemi uone lugha ya familia nyingine kabisa, ndugu wa mbali wa Kihindi na Kiingereza, ikibeba mzigo uleule wa Kiarabu na bado ikisimama kwa miguu yake.

Yapo pia tuliyochukua kwao, mengine moja kwa moja kwa jahazi, mengine kwa kupitia India au kwa Waarabu. Bandari ni bandar. Rangi ni rang, pamba ni panbe, bahati ni bakht. Barafu ni barf, ambayo kwao ni theluji. Dirisha ni dariche, yaani dar, mlango, pamoja na kiambishi cha kupunguza: kijilango. Serikali ni sar na kar, kichwa na kazi, na hapo kila Mkenya aseme lake. Sitaki kufungua mjadala wa Washirazi na nani babu yake alishuka Kilwa, huo una wenyewe. Ninachotaka ni neno moja tu. Sarufi kwa Kiajemi inaitwa dastur-e zaban. Zaban ni ulimi na pia ni lugha. Dastur ni agizo, kanuni, na ndilo neno letu desturi. Desturi ya ulimi. Mimi niliifahamu sarufi shuleni kama kalamu nyekundu. Hakuna aliyewahi kuniambia ni desturi, kitu cha nyumbani, kama kuvua viatu mlangoni.

Sasa malalamiko.

Lambton alizaliwa 1912 na alifariki 2008, na aliijua Iran kuliko wageni wengi waliowahi kuandika juu yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mwambata wa habari katika ofisi ya kibalozi ya Uingereza mjini Tehran. Mwaka uleule wa 1953 alitoa kitabu kingine kikubwa, juu ya wenye ardhi na wakulima wa nchi hiyo. Na mwaka 1951, Waziri Mkuu Mohammad Mosaddegh alipotaifisha mafuta, Lambton aliishauri Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kwamba huyu mtu asifanyiwe mapatano bali adhoofishwe hadi aanguke, na akapendekeza jina la mtu wa kwenda kuifanya kazi hiyo, Robin Zaehner, aliyekuwa akifundisha Kiajemi Oxford. Mapinduzi yalikuja Agosti 1953, ya Marekani na Uingereza kwa pamoja. Mwaka wa kitabu changu cha soo mbili.

Sisemi sarufi ilipindua serikali. Wala sisemi ukijifunza vitenzi kwa mtu kama huyo utaota mkia. Nasema kila kitabu cha sarufi kina mwanafunzi kichwani mwake, mtu wa kubuni ambaye kinamfundisha, na unaposoma unalazimika kuvaa nguo za huyo mtu. Desturi hii ni ya zamani. William Jones alitoa sarufi yake ya Kiajemi London mwaka 1771 akijua wazi kwamba wanaoihitaji ni watumishi wa Kampuni ya East India, waliokuwa wakipokea barua za wafalme wa India kwa lugha ambayo hawakuweza kuisoma. Jones alikuwa mpenzi wa mashairi na alijaza kitabu chake mifano kutoka kwa washairi, hilo nampa. Lakini mnunuzi alikuwa karani. Mwaka 1837 Kampuni ikakiondoa Kiajemi mahakamani na maofisini, na soko la kitabu likapotea na karani wake.

Katika kitabu hichohicho Jones aliweka tafsiri yake ya ghazali maarufu ya Hafez. Kiajemi hakina "he" wala "she". Kina u, neno moja, kama yeye letu. Vitenzi navyo havisemi ni mwanamume au mwanamke. Mpendwa wa Hafez anaweza kuwa mvulana, msichana, mfalme au Mungu, na mashairi yale yanapumua kwa sababu mlango huo haujafungwa. Jones akaufunga. Mpendwa akawa msichana. Kiingereza hakikumwachia nafasi kubwa, na Uingereza ya 1771 haikumwachia kabisa. Mswahili angetafsiri "yeye" na kulala usingizi. Tuna utajiri ambao hatujui tunao mpaka tukutane na mtu asiye nao.

Na hapa ndipo hasira yangu na Lambton inapoanzia, hasira ya mwanafunzi anayemheshimu mwalimu. Kwa kila kitu anachonieleza, ananipitisha kwanza Kiingereza, na mara nyingi Kiingereza ndicho kizuizi. Ni kama kutoka Mombasa kwenda Lamu ukapitishwa Kisumu.

Chukua ra. Hiki ni kineno kinachokaa baada ya shamirisho. Ketab khandam, nilisoma kitabu, kitabu chochote, yaani nilikuwa katika shughuli ya kusoma. Ketab ra khandam, nilikisoma kitabu, kile tunachokijua mimi na wewe. Umeona? Ra ni -ki-. Mtoto wa Kiswahili anajua tofauti ya "nilisoma kitabu" na "nilikisoma kitabu" kabla hajang'oa meno ya utoto. Mwingereza hana chombo hicho kwenye kitenzi, kwa hiyo vitabu vyake vinamzungusha kwa maelezo marefu ya umahususi na uhakika, na mimi nikazungushwa naye, nikitoka jasho kwa kitu ambacho mama yangu anakifanya akiuliza nani amemaliza sukari, "nani ameimaliza".

Au chukua vitenzi vya maneno mawili. Kiajemi kinapenda kuchukua nomino na kuiunganisha na kitenzi chepesi. Kimojawapo ni zadan, kupiga. Vitabu vya Kiingereza huviorodhesha kama misemo ya ajabu ya kukariri. Sasa nisikilize. Kupiga simu: zang zadan, kupiga kengele. Kupiga rangi: rang zadan. Kupiga magoti: zanu zadan. Kupiga mluzi: sut zadan. Kupiga makofi: kaf zadan. Kupiga mfano: mesal zadan. Na kupiga mswaki, walai, mesvak zadan. Halafu njoo kwa khordan, kula. Kula kiapo ni sogand khordan. Kula kichapo ni kotak khordan. Anayeanguka anakula ardhi, kama kwetu anavyokula mwereka. Anayeshindwa anakula kushindwa. Wenye huzuni wanakula huzuni. Nilipofika kwenye ukurasa huo ilikuwa saa saba usiku na nilicheka peke yangu mpaka jirani akapiga ukuta. Divar zadan? Hapana, hiyo haipo, nilijaribu nikakosolewa.

Kitenzi chenyewe kinajengwa kama chetu kilichogeuzwa. Miravam: mi- ya tendo linaloendelea, rav shina la kwenda, -am mimi. Ninaenda: ni, na, enda. Ni treni ileile, ila sisi tumeweka abiria mbele na wao wamemweka nyuma. Kiwakilishi huru hukihitaji, kama kwetu. "Lazima niende" ni bayad beravam: bayad haibadiliki kama lazima isivyobadilika, na kitenzi kinavaa be- pale ambapo chetu kinamalizia kwa e. Wakati ujao wa maandishi unatumia khastan, kutaka: khaham did, nitaona. Wataalamu wa historia ya Kiswahili wanasema -ta- yetu pia ilitoka kwenye -taka. Mtu anayeongea akitaka kusema yuko katikati ya tendo hutumia dashtan, kuwa na: daram miravam, neno kwa neno "nina, ninaenda". Tazama "nina" ilivyojificha ndani ya "ninaenda". Sina cheti cha isimu, sina cheti cha chochote kwa kweli, lakini macho ninayo.

Ugumu upo, tena wa kweli. Kila kitenzi kina mashina mawili. La wakati uliopita unalipata kwa kukata -an ya mwisho: didan, kuona, did. La wakati uliopo huwezi kulikisia. La didan ni bin. Unalikariri tu, kama unavyokariri jina la shemeji. Bin hata hivyo nilikuwa nalo bila kujua, kwa sababu dur ni mbali na bin ni ona, na durbin ndiyo darubini yetu. Siku hizi Tehran durbin ni kamera. Filamu ya Farhadi inaanza na mume na mke wameketi wakitazama moja kwa moja kwenye durbin, na mahali pa jaji umekaa wewe.

Na kuna mtego ambao hakuna Mwingereza angeweza kunionya. Kwetu na- inaleta: naenda, naona, naelewa. Kwao na- inakana. Nilikuwa nikiandikiana na kijana wa Shiraz kwenye programu ya kubadilishana lugha, akawa ananieleza jambo la kihusishi be. Nikataka kumwambia nimeelewa. Kuelewa ni fahmidan, yaani fahamu ileile iliyovishwa mwisho wa Kiajemi. Nikaandika nafahmidam. Akaeleza upya, polepole. Nikajibu tena kwa furaha, nafahmidam! Akaeleza mara ya tatu, kwa mifano, maskini. Nilikuwa nikimwambia sikuelewa, sikuelewa.

Alichokuwa akinieleza ni kwamba vihusishi vya Kiajemi havisafiri peke yao, vinasafiri na kitenzi. Unamwambia mtu kwa be, unamuuliza kwa az. Kuogopa pia ni az: hofu inatoka kwa kile unachokiogopa. Vitabu vinakupa az halafu mkia wa maana za Kiingereza, ukariri. Sisi hatuna haja ya mkia, tuna haja ya kuambiwa kwamba kile tunachokimeza ndani ya kitenzi wao wanakiacha nje. "Niletee maji" ina -e- ndogo tumboni inayofanya kazi ya baraye man, "kwa ajili yangu". "Ambia" imemeza be yake zamani sana hata hatuikumbuki. Ukiliona hilo, vihusishi vya Kiajemi vinaacha kuwa orodha. Vinakuwa kauli ya kutendea iliyovuliwa nguo.

Lakini kosa ambalo siwezi kulisamehe kwa urahisi ni la sikio. Lugha anayoifundisha Lambton hasa ni ya maandishi. Niliivaa nikaenda kwenye filamu, nikawa kiziwi. Hakuna mtu anayesema miravam. Wanasema miram. Khane, nyumba, ni khune. Nan, mkate, ni nun. Ketab ra ni ketabo. Ni kama Mjapani aliyefundishwa Kiswahili cha kamusi akashukia Githurai saa moja jioni. Na mimi ni nani wa kulalamika? Nilikatwa alama za insha miaka minne kwa kuandika "niko na" badala ya "nina". Najua vizuri kabisa kwamba kuna lugha ya karatasi na kuna lugha ya mdomo, na kwamba mtihani unajua moja tu.

Farhadi analijua hilo pia, na limo ndani ya filamu. Kuna mahali Nader anamsaidia binti yake, Termeh, kufanya mazoezi ya shule. Anamtajia neno la kigeni, gharanti, atoe la Kiajemi. Msichana anajibu zemanat, neno la ukoo mmoja na dhamana yetu. Baba anakataa, hilo ni la Kiarabu. Msichana anasema ndivyo mwalimu alivyowafundisha. Baba anashikilia kwamba kosa ni kosa, hata likisemwa na nani, na anamtaka aandike neno safi la Kiajemi. Mtoto ana wasiwasi wa alama. Acha akate, anasema baba. Hii ni nchi iliyounda chuo cha lugha, Farhangestan, mwaka 1935, na kazi yake mojawapo ilikuwa kung'oa maneno ya kigeni. Sisi tulioambiwa tuseme rununu na tarakilishi tunamjua Nader. Ni yule mjomba.

Na ndiyo maana kinachofuata kinauma. Nader anamsukuma nje ya mlango mwanamke aliyeajiriwa kumtunza baba yake mgonjwa, Razieh, na mimba ya Razieh inatoka. Kesi nzima inageuka juu ya swali moja: alijua kwamba ana mimba au hakujua? Akiwa alijua, ni mauaji. Mtu ambaye haruhusu neno moja la Kiarabu lipite kwenye daftari la mtoto anasimama mbele ya afisa wa mahakama na kusema hakujua. Termeh si mjinga. Anamuuliza nyumbani. Baba anakiri kwamba alisikia mazungumzo, alijua, lakini wakati ule wa hasira halikuwa kichwani. Na sheria, anamweleza, haielewi mambo kama hayo. Kwake ni moja kati ya mawili, ulijua au hukujua.

Maandishi ya Kiingereza niliyopewa yanatumia "I knew" na "I didn't know". Ni sahihi, hayana kosa. Lakini Kiajemi kinatumia dar- danestan, samahani, danestan, kujua, na kinasema midunestam, ile midanestam ya vitabuni ikiwa imevuliwa viatu. Ina mi- ya kuendelea ndani ya wakati uliopita. Si kitendo cha kujua, kilichotokea saa fulani kikaisha. Ni hali uliyokuwa ndani yake. Lambton ananipa umbo hilo kwenye jedwali lake, mi- pamoja na shina la zamani, na nafsi sita zimepangwa kama wanafunzi gwarideni. Jedwali haliwezi kuniambia kwamba mtu anaweza kufungwa kwa sababu ya kiambishi.

Kiswahili kinaweza. Tuna "nilijua" na tuna "nilikuwa najua". Tuna "sikujua" na "nilikuwa sijui". Siku mbili nzima niliandika na kufuta mistari ile. Mbele ya afisa nilimpa Nader "sikujua", fupi, ya karatasi, jibu la mtu aliyefundishwa na wakili. Nyumbani mbele ya binti yake nikampa "nilikuwa najua", kisha nikaacha nafasi, kwa sababu ndivyo anavyosema mtu ambaye hali hiyo ilikuwa ndani yake muda wote, hata dakika ile ambayo mkono ulisukuma.

Sikulitoa hilo kitabuni. Nililitoa kwa mama. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikuwa imefika mahali ambapo hata kuiomba ilikuwa aibu, na kwa muhula mzima nikaendelea kutoka asubuhi na begi. Nilikaa maktaba za umma, nilikaa bustanini, nilirudi jioni nikasimulia mihadhara ambayo haikuwepo. Siku nilipomwambia alikuwa anachambua sukumawiki. Hakuinua macho. Akasema, "Nilikuwa najua." Kama angesema "nilijua" ningemuuliza ni lini, nani alimwambia, ningejitetea. "Nilikuwa najua" haina lini. Ilimaanisha kila asubuhi aliponipa nauli alikuwa najua — ndivyo alivyosema pia, "kila siku nikikupea nauli nilikuwa najua" — na kalamu nyekundu ingeikata hiyo "nikikupea".

Kuna vitabu vipya zaidi kuliko cha Lambton. Saeed Yousef, mshairi wa Iran aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, alitoa na Hayedeh Torabi vitabu vya sarufi na mazoezi mwaka 2012 na 2013, na mtu anayeanza leo aanzie huko badala ya kuvaa koti la 1953. Nao pia wameandika kwa Kiingereza, kwa wanaokuja kupitia Kiingereza. Kitabu ninachokitaka ni kile ambacho ukurasa wa kwanza kinaniambia: wewe una -ki-, basi una ra, una yeye, basi una u, unapiga mswaki, basi tuendelee, jihadhari tu na na-. Kingekuwa chembamba. Sura ya izafe, ule ung'eng'e wa -e unaounganisha nomino na nomino, ingekuwa mstari mmoja: ni -a unganifu yetu bila ngeli, shukuru Mungu. Ketab-e man, kitabu changu. Dar-e khune, mlango wa nyumba. Nafasi iliyobaki ningeipa sauti za watu wakiongea.

Lambton bado yuko kando ya kitanda. Namrudia kwa mashina ya vitenzi, ambayo hakuna njia ya mkato kuyafikia, na huko ndiko ubora wake ulipo: hakudanganyi kwamba ni rahisi. Nimeandika kwa penseli pembeni mwa jedwali la vitenzi, kila nafsi na mtu wake. Nafsi ya kwanza nimeandika Nader. Ya tatu, u, nimeandika mama.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi ya mvua. Watu thelathini hivi, viti vya plastiki, na duka la simu chini likicheza muziki wake. Ule mstari wa "nilikuwa najua" ulipopita, msichana mmoja mbele yangu alisema kwa sauti, "Ai, baba!" na wengine wakamnyamazisha. Jina nilikuwa nimeliandika Kutengana kwa Nader na Simin. Bango la mlangoni lilisema A Separation, kwa sababu walikuwa wameshalichapisha kabla ya kunipa kazi.